Mayai yenye omega-3 hayayeyushi kitambi, lakini usiyaache

Swali: Nina miaka 46 na urefu wa sentimita 160. Mikono na miguu yangu ni myembamba, ila kiuno kimefika sentimita 97. Miezi mitatu sasa nakula mayai manne kila siku, yale yaliyoongezwa omega-3, kwa sababu niliambiwa asidi hizo za mafuta huyeyusha kitambi. Kiuno hakijapungua, na nadhani kimeongezeka kidogo. Je, niongeze idadi ya mayai? Na mama yangu, ambaye ana kisukari, naye anaweza kuyala?

Jibu: Dada, usiongeze. Kuanzia kesho rudi kwenye yai moja kwa siku, au mawili siku ambayo huli nyama wala samaki. Mayai uliyochagua ni mazuri, na sitaki uyachukie kwa sababu ya ahadi ambayo wengine waliyapachika. Ila kazi uliyoyapa si kazi yao, na ulivyoyala, yaani juu ya chakula chako cha kila siku bila kupunguza kitu kingine, huenda ndiko kulikosukuma kiuno mbele badala ya kukirudisha nyuma.

Tulitazame kwanza yai lenyewe. Yai kubwa likishatolewa ganda lina gramu 50 hivi. Ute mweupe ni maji na protini, mafuta hayamo kabisa au ni ya kutafuta kwa darubini. Mafuta yote yako kwenye kiini, na ni kama gramu 5. Katika hizo, gramu 1.6 hivi ni mafuta yanayoganda, ya jamii ile iliyomo kwenye siagi. Karibu gramu 1.8 ni asidi ya oleiki, ile inayosifiwa katika mafuta ya zeituni. Na kama gramu moja hugawanywa kati ya omega-6 na omega-3. Katika yai la kawaida omega-6 ndiyo inayotawala gramu hiyo, na omega-3 haifiki hata miligramu 100. Katika yai lililoboreshwa, omega-3 hupanda mpaka miligramu 300, mara nyingine 500, kutegemea kuku alilishwa nini.

Sasa angalia kisichobadilika. Mafuta ya yai hubaki gramu 5 zilezile, na nishati yake hubaki kilokalori 70 na kidogo. Miligramu 300 za omega-3 ni chini ya theluthi moja ya gramu. Mwili wako ukiamua kuyachoma mafuta hayo yote, utapata kilokalori zisizofika tatu. Kilichobadilishwa ndani ya kiini ni aina ya sehemu ndogo ya mafuta. Kiasi hakikuguswa.

Mabadiliko hayo hufanyika ndani ya kuku. Mfugaji huchanganya kwenye chakula chake mbegu za kitani, ambazo zina asidi ya alfa-linoleniki kwa wingi, au mafuta ya samaki, au mwani. Ini la kuku hupokea asidi hiyo ya kitani, hurefusha sehemu yake na kuigeuza kuwa DHA, aina ya omega-3 iliyomo hasa kwa samaki, kisha huisafirisha hadi kwenye kiini kinachoumbwa. Kuku anaifanya kazi hii vizuri kutushinda sisi. Ila mafuta yanayoganda hayapungui kirahisi namna hiyo hata chakula cha kuku kikibadilishwa, kwa sababu ini lake huyatengeneza lenyewe kutokana na wanga wa nafaka anazokula. Kwa hiyo mayai yako manne bado yanakupa zaidi ya gramu 6 za mafuta yanayoganda kila siku, sawasawa na mayai manne ya kawaida.

Kuna jambo ningependa ulisome kwenye boksi kabla ya kununua tena. Ikiandikwa tu "omega-3, miligramu 400", hujaambiwa la maana. Omega-3 ziko za aina tatu zinazohusika hapa: asidi ya alfa-linoleniki inayotoka kwenye mimea, na EPA na DHA zinazopatikana hasa kwa samaki na mwani. Mwili wa binadamu hugeuza sehemu ndogo tu ya ile ya mimea kuwa EPA, na ile inayofika mpaka DHA ni kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia moja kwa mtu mzima. Yai la kuku aliyelishwa kitani huwa na alfa-linoleniki nyingi, pamoja na DHA ya miligramu 70 hadi 100 au zaidi kidogo. Lile la kuku aliyelishwa mafuta ya samaki au mwani linaweza kufika 150. Tafuta boksi linalotaja DHA kwa jina na kiasi. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, kwa hiyo yai moja zuri linakupa karibu nusu ya kiwango hicho. Kwa mtu asiyekula samaki, huo ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu sitaki uyaache.

Habari ya kuyeyusha kitambi nayo haikuzuka hewani. Mwaka 1989 mtafiti Artemis Simopoulos na mwenzake walipima mayai ya kuku wa Ugiriki waliokuwa wakizurura na kujitafutia majani na wadudu, wakayalinganisha na mayai ya dukani Marekani. Katika yale ya Ugiriki, omega-6 ilizidi omega-3 kidogo tu, uwiano wa 1.3 kwa 1. Katika yale ya Marekani uwiano ulikuwa zaidi ya 19 kwa 1. Tofauti hiyo iliwashtua wengi, na kutoka hapo likakua wazo kwamba wingi wa omega-6 katika chakula cha siku hizi ndio unaonenepesha watu. Huko Ufaransa, kundi la mtafiti Gérard Ailhaud lililisha panya chakula chenye mafuta mengi na omega-6 nyingi kizazi baada ya kizazi, na panya wakaongezeka mafuta mwilini hatua kwa hatua. Maelezo yao yana mantiki: omega-6 huzaa asidi ya arakidoniki, na hiyo huzaa vichocheo vinavyohimiza seli changa zikomae kuwa seli za mafuta. Upande wa pili, EPA na DHA zinajulikana kuamsha uchomaji wa mafuta ndani ya ini na kupunguza kasi ambayo ini hugeuza sukari kuwa mafuta mapya. Ukiziweka hoja hizo mbili pamoja, ni rahisi mno kuandika kwenye tangazo kwamba yai la omega-3 linaondoa tumbo.

Shida huanza tukitoka kwa panya na kuja kwa watu. Majaribio ninayoyaheshimu zaidi katika suala hili yalifanyika Uppsala, Sweden. La kwanza, la 2012, lilihusisha watu 67 wenye unene wa tumbo. Kwa wiki 10 baadhi yao walikula chakula chenye siagi, wengine chakula chenye mafuta ya mimea yaliyojaa omega-6, na wote walipimwa mafuta ya ini. Waliokula omega-6 ndio waliobaki na mafuta machache ndani ya ini. La pili lilichapishwa 2014, na hapo vijana 39 wasio wanene waliombwa wanenepe kwa makusudi. Kila siku kwa wiki 7 walikula keki ndogo juu ya chakula chao cha kawaida. Keki za nusu yao zilikuwa na mafuta ya mawese, za wengine mafuta ya alizeti. Pande zote mbili ziliongezeka uzito sawa, kilo 1.6. Ila wale wa mawese walijaza mafuta zaidi kwenye ini, na kuzunguka utumbo wakaongeza mara mbili ya wenzao, na wale wa alizeti wakapata sehemu kubwa zaidi ya uzito wao kama nyama ya mwili.

Majaribio haya mawili yanasema mambo mawili kwa pamoja, na yote ni ya kwako. Omega-6, ambayo omega-3 ya mayai ilitarajiwa kupambana nayo, haikuonekana kuwa adui wa tumbo. Mafuta yanayoganda yakizidi ndiyo yaliyofanya vibaya zaidi. Na aina ya mafuta inaweza kweli kubadilisha mahali yanapokwenda kukaa, lakini haikumzuia mtu yeyote kunenepa pale chakula kilipozidi mahitaji.

Lipo pia jaribio lililokaribia swali lako moja kwa moja. Wafaransa waliwachukua watu 160 wenye uzito uliozidi, wakawapa kwa siku 90 nyama, maziwa na mayai: kundi moja kutoka kwa mifugo iliyolishwa kitani, jingine kutoka kwa mifugo ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2010. Katika chembe nyekundu za damu tofauti ilionekana wazi: kundi la kitani lilishikilia omega-3 yake, lile jingine likapungukiwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la haki kuhusu vyakula hivi. Vinafika mwilini, vinaingia kwenye kuta za seli, na kazi yao inaonekana huko. Mkanda wa suruali si mahali pa kuitafutia.

Pengine utauliza kama dozi kubwa ingefaa. Madaktari wanapotumia EPA na DHA kushusha trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, hutumia gramu 2 hadi 4 kwa siku. Kwa yai lenye miligramu 150 za DHA, gramu 2 zingedai zaidi ya mayai 13 kila siku, na hakuna mtaalamu wa lishe atakayekuelekeza huko. Hata majaribio yaliyotumia vidonge vya dozi hizo, mabadiliko ya kiuno yalikuwa madogo na hayakufanana kutoka jaribio moja hadi jingine.

Nirudi kwako. Mikono na miguu myembamba pamoja na kiuno cha sentimita 97 ni picha ninayoichukulia kwa uzito, kuliko ningemchukulia mtu aliyenenepa mwili mzima kwa usawa. Mafuta ya chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, hukaa kimya kama akiba iliyofungiwa ghalani. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo, hayatulii: huachia asidi za mafuta kila mara, na sehemu ya damu yake huelekea moja kwa moja kwenye ini kupitia mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo. Ini likifurika mafuta, huanza kuipuuza insulini, hutoa sukari hata usipoila, na hupakia trigliseridi zaidi kwenye damu. Kisukari cha ukubwani na ugonjwa wa moyo hupata mlango hapo. Umri wako nao una mchango wake. Estrojeni inapoanza kuyumba miaka ya kuelekea kukoma hedhi, mafuta yaliyokuwa yakienda mapajani huhamia tumboni, hata kwa mwanamke ambaye uzito wake haujabadilika. Kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi, na usikubali pia mtu akuambie kwamba ni umri tu.

Mayai manne ni karibu kilokalori 290. Kama yalichukua nafasi ya kitu kingine chenye nishati hiyo, hesabu inabaki palepale. Ulivyoandika, naona yaliongezwa. Na hukuniambia unayapikaje, jambo ambalo ningeuliza kabla ya lingine lolote. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi na karibu kilokalori 120, zaidi ya yai moja na nusu. Mtu anayekaanga mayai mawili kwa vijiko viwili vya mafuta, na mayai yakayanywa yote, amekula mafuta mengi kutoka kwenye chupa kuliko kutoka kwa kuku. Chemsha, au tia yai kwenye maji yanayochemka bila ganda, au pika kwa tone la mafuta kwenye kikaango kisichoshika. Ukichemsha, DHA hubaki karibu yote.

Kuna njia moja ambayo mayai yamewahi kusaidia watu kupungua, na haihusiani na omega-3. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wiki 8, ambapo watu wenye uzito uliozidi walikula kiamsha kinywa cha mayai mawili au cha mkate wenye nishati ileile. Waliokula mayai huku wamepunguza chakula cha siku nzima walipoteza uzito zaidi, kwa asilimia 65, kuliko wale wa mkate waliokuwa kwenye mpango uleule. Waliokula mayai bila kupunguza chochote hawakupata faida hiyo. Niseme pia kwamba fedha za utafiti huo zilitoka kwenye chombo cha wazalishaji wa mayai, kwa hiyo naichukulia asilimia hiyo kwa tahadhari; lakini mwelekeo wake unakubalika, kwa kuwa protini ya asubuhi hushibisha na kumfanya mtu asitafute vitafunio saa nne.

Faida nyingine ya yai lolote, liwe la omega-3 au la kawaida, ni kolini. Ini huihitaji ili kufungasha mafuta na kuyatoa nje. Mtu akinyimwa kolini kwa muda, mafuta hurundikana ndani ya ini. Yai moja lina karibu miligramu 147, na mwanamke anahitaji 425 kwa siku. Kwa mtu mwenye tumbo kama lako hii ni sababu nzuri ya kubaki na kiini chako. Wengi hukitupa wakala ute peke yake, na hapo wanatupa kolini na DHA kwa mkupuo mmoja.

Hivi ndivyo ningependa uendelee. Yai moja lililoboreshwa kila siku, mahali pa kitu chenye mafuta yanayoganda: mahali pa soseji, jibini nzito au mkate uliopakwa siagi. Samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki watakupa DHA na EPA nyingi kuliko mayai ya wiki nzima. Vinywaji vyenye sukari viondoke, na hapo ndipo ningeweka nguvu kubwa kuliko kwenye mayai, kwa sababu sukari ya vinywaji ndiyo malighafi ambayo ini huigeuza mafuta kwa urahisi. Pombe ikiwepo, nayo ipungue. Kisha tembea kwa kasi ya kukufanya uheme lakini uweze kuzungumza, angalau dakika 150 kwa wiki, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kubeba uzito. Mafuta ya ndani ya tumbo huitikia mazoezi mapema, wakati mwingine kabla mizani haijasogea. Nimeona wengi wakikata tamaa wiki ya tatu kwa kuwa mizani imekataa, kumbe suruali ilishaanza kulegea.

Ndiyo maana nataka upime kiuno, na ukipime vizuri. Simama wima, miguu imeachana kidogo, tumbo halijaingizwa ndani. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho upande mmoja, halafu mfupa wa juu wa nyonga chini yake. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita. Izungushe ikiwa sambamba na sakafu, iguse ngozi bila kubana, pumua nje kama kawaida, soma. Watu wengi hupima pale wanapofungia mkanda, na mkanda hushuka kadiri tumbo linavyokua, hivyo kipimo kinawadanganya. Mara moja kwa mwezi inatosha, asubuhi kabla ya kula. Kwa wanawake Shirika la Afya Duniani linaweka hatari iliyoongezeka kuanzia sentimita 80, na iliyoongezeka sana kuanzia 88. Kipimo kingine rahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu, na kwako nusu ni 80. Usilenge 80 sasa hivi. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, mafuta ya ini yatashuka kwa kiasi cha kuonekana kwenye vipimo, hata kama kiuno bado kiko juu ya 88.

Na vipimo uvifanye mwezi huu, usisubiri kiuno. Omba sukari ya kabla ya kula, trigliseridi, kolesteroli nzuri ya HDL, vimeng'enya vya ini na presha. Sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi, trigliseridi za 1.7 mmol/L au zaidi, HDL chini ya 1.3 mmol/L, presha ya 130 kwa 85 au zaidi: mawili kati ya hayo, pamoja na kiuno chako, yanatosha daktari kukuwekea mpango wa matibabu badala ya ushauri wa chakula peke yake. Mzazi mwenye kisukari anakuongezea hatari, kwa hiyo mwambie daktari hilo mwanzoni kabisa.

Kuhusu mama: anaweza kuyala. Yai halina wanga wa kupandisha sukari, na jaribio la Sydney la 2015 liliwapa watu 140 wenye kisukari au walio karibu nacho mayai mawili kwa siku, siku 6 za wiki, kwa miezi mitatu, bila kolesteroli yao kuharibika ikilinganishwa na waliokula machache. Hata hivyo, tafiti nyingine zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha wasiwasi kwa wenye kisukari wanaokula mayai mengi, na yai moja lina karibu miligramu 186 za kolesteroli. Kwa mama ningebaki kwenye moja kwa siku, la kuchemsha, na kama kolesteroli yake iko juu au ina historia ya kifamilia, manne hadi matano kwa wiki. Dawa ya kolesteroli, kama anaitumia, aendelee nayo kama alivyoandikiwa. Boksi la mayai lisiwe sababu ya kuiacha. Akiwa anatumia insulini, na yai likachukua nafasi ya mkate wa asubuhi, sukari yake inaweza kushuka kuliko alivyozoea, kwa hiyo apime kabla na saa mbili baada ya kula katika siku chache za mwanzo, na namba hizo ampelekee anayemrekebishia dozi.